Nataka kuanzisha sinema ndogo ya jamii kwenye ukumbi wetu, nianzie wapi?

Pazia_Jeupe:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo ya wenye uzoefu. Hapa tunapoishi kuna ukumbi wa jamii, jioni nyingi umefungwa tu, unafunguliwa kukiwa na mkutano au sherehe basi. Mimi na wenzangu kadhaa tumekaa tukawaza kwa nini tusiwe tunaonyesha filamu humo, tuseme mara moja kwa mwezi, wazee kwa vijana na watoto wakae pamoja waangalie kitu kizuri kwenye skrini kubwa afu ikiisha anayetaka kuongea aongee. Hatutafuti faida, tunataka ijilipe yenyewe isife. Kiukweli inaniuma nikiona nyumba moja watu wanne na kila mtu yuko na filamu yake kwenye simu, wakati kucheka pamoja na ukumbi mzima gizani ni raha ambayo simu haiwezi kukupa hata iwe na kioo kizuri vipi.

Ukumbi wenyewe ni urefu mita 14 upana 8, madirisha makubwa pande mbili, sakafu bapa, viti vya kuhamisha, dari lipo chini kidogo, jukwaa hamna. Kuna mtu yuko tayari kutuazima projekta ya ofisini. Sasa maswali, hiyo projekta itatosha? Sauti tufanyeje? Afu kuna mwenzetu anasema ilimradi hatutozi kiingilio tunaruhusiwa kuonyesha chochote, hata kwa akaunti yake ya intaneti anayolipia kila mwezi, mimi moyo unasita. Na tuanze na filamu ya aina gani?

Mlinda_Haki:

Moyo wako umesita mahali penyewe mkuu. Naanza na hili la haki maana ndilo linaloua vikundi vingi kabla hata havijazoeleka.

Kununua DVD au kulipia akaunti kunakupa ruhusa ya kuangalia nyumbani na watu wako. Ukishakusanya watu kwenye ukumbi, wawe wamelipa wawe hawajalipa, hayo ni maonyesho ya hadhara na yanahitaji ruhusa ya mwenye haki, kwaiyo hilo la "hatutozi kiingilio" halibadilishi kitu kwenye nchi nyingi. Na zile akaunti za kulipia kila mwezi masharti yake yameandika wazi kwamba ni kwa matumizi binafsi. Netflix kwa mfano wana baadhi ya filamu zao za hali halisi wanazoruhusu zionyeshwe mara moja kwa ajili ya elimu bila kutoza wala kuchangisha, ila hizo zimeandikwa ruhusa kwenye ukurasa wake, sio kila kitu kilichomo mle.

Sasa usiogope, ruhusa zinapatikana. Njia ya kwanza ni kampuni zinazotoa leseni kwa niaba ya studio, MPLC wapo nchi nyingi, Uingereza kuna Filmbankmedia, Marekani kuna Swank. Kuna leseni ya kuonyesha filamu moja siku moja na kuna ya mwaka mzima, na hapa uwe makini sana maana leseni nyingi za mwaka zinakukataza kutangaza jina la filamu nje ya kikundi chenu au kutoza tiketi, usome kila mstari. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kumuandikia mtengenezaji mwenyewe. Watengenezaji wadogo na wa filamu za hali halisi wanafurahi kweli kusikia kuna watu wanataka kukaa waangalie kazi yao, mwambie ukumbi unaingiza watu wangapi, tarehe, mtatoza au hamtozi, akijibu ndiyo basi hiyo barua pepe itunze. Wengine wanakutumia faili zuri kabisa na wako tayari kuongea na watazamaji kwa video baada ya filamu.

Njia ya tatu ni filamu zilizotoka kwenye hakimiliki au zenye leseni huria. Filamu fupi za katuni za Blender Foundation (wale wenye programu huria ya kutengeneza katuni) nyingi zina leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe ameshatoa ruhusa kwa kila mtu kwa masharti yaliyoandikwa, unaonyesha hata ukitoza ilimradi uwataje. Za zamani nazo zipo ila angalia sheria ya nchi uliyopo, Marekani filamu za zamani zinahesabiwa miaka 95 tangu zitolewe, Umoja wa Ulaya wanahesabu miaka 70 baada ya kufariki wa mwisho kati ya muongozaji, mwandishi wa muswada, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki, kwaiyo filamu hiyohiyo inaweza kuwa huru nchi moja na nyingine bado. Na filamu ya kimya ya zamani ikiwekewa muziki mpya, ule muziki una mwenyewe.

Jambo la mwisho, ulizia serikali za mitaa ukumbi wenu kama unahitaji kibali cha maonyesho, na filamu kama inatakiwa iwe na daraja la umri. Hayo yanatofautiana kila mahali, nenda ukaulize ana kwa ana.

Fundi_Mwanga:

Nije kwenye picha. Kabla ya kuongelea projekta pima dari. Dari lina mita ngapi? Nauliza hivi kwa sababu sakafu yenu ni bapa, mtu akikaa kwenye kiti kichwa chake kinafika kama mita 1.2 na kitu, kwaiyo ukingo wa chini wa skrini usishuke chini ya mita 1.2, ukishuka wa nyuma wote wanaangalia visogo. Na maandishi ya tafsiri yanakaa chini kabisa ya picha, ndo ya kwanza kuzibwa. Nimeshakaa kwenye ukumbi wa namna hiyo, filamu ya lugha ngeni, mama mmoja mbele yangu alikuwa anainama kulia kusoma nusu ya sentensi afu anainama kushoto kumalizia, na kila akiinama safu nzima nyuma yake inainama naye. Filamu nzima hivyo.

Pazia_Jeupe:

Nimekimbia kupima, dari ni mita 3 kasoro kidogo hivi. Asante sana Mlinda_Haki, nimemsomea mwenzetu ameelewa.

Fundi_Mwanga:

Basi dari ndo limeshakuamulia. Mita 3 toa 1.2 unabaki na mita 1.8 hivi, kwaiyo skrini ya upana mita 3, ambayo kwa umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) kimo chake ni mita 1.69, inaingia. Usilazimishe ya mita 4. Mstari wa kwanza wa viti uanze umbali wa kama mara mbili ya kimo, yaani mita 3.4, na wa mwisho usizidi kama mara sita, mita 10. Ukumbi wako una 14 kwaiyo nyuma itabaki nafasi ya mapokezi, meza, na watoto wanaotaka kutoka. Ukiacha njia ya kupita kila upande unapata safu saba za watu kumi kumi hivi, ukitoa viti vichache kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu unabaki na watu 60, na 60 ni wengi, ukumbi unaonekana umejaa. Panga viti kwa kupishana, kila kiti kiangalie katikati ya viti viwili vya mbele yake, hiyo haina gharama na inasaidia kuliko unavyofikiri.

Sasa mwanga. Majumba makubwa ya sinema yanalenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita ya mraba kwenye skrini nyeupe. Skrini yako ina mita za mraba 5 na kidogo, ukipiga hesabu unahitaji kama lumeni 760 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) zinazofika kwenye kitambaa. Projekta ya ofisini imeandikwa labda 3,000 lakini hiyo ni kwenye setingi ya mwanga mkali yenye rangi za kijani kijani, ukiiweka kwenye setingi ya sinema unaweza kupoteza nusu, na taa yake ikiwa imezeeka inapungua tena. Bado inakutosha. Kwaiyo jibu ni ndiyo, azimeni hiyohiyo, ila SHARTI ukumbi uwe na giza.

Giza ndo kazi yenu kubwa, kubwa kuliko kutafuta projekta. Watu hawaelewi kwamba projekta haiwezi kutoa weusi, inatoa mwanga tu, weusi wa kwenye filamu ni ule weusi wa skrini yenu isipopigwa na kitu. Kama dirishani kunaingia mwanga wa taa ya barabarani basi usiku wa kwenye filamu yenu utakuwa kijivu, na hata ununue projekta ya lumeni 6,000 kijivu kiko palepale. Tafuteni kitambaa kizito cheusi mkishone kizidi dirisha pande zote kama shubiri moja, mkibane kisiache upenyo juu, huko juu ndo kunavuja sana. Ukuta unaozunguka skrini ukiwa mweupe unarudisha mwanga, tundika nguo nyeusi pembeni. Na msifunike taa za mlango wa dharura hata kama zinawakera, hizo haziguswi.

Projekta nyingi za ofisini zinataka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha, kwako ni mita 4.5, maana yake inaangukia katikati ya watu. Njia nzuri ni kuining'iniza darini na kifungio cha chuma pamoja na mnyororo wa usalama. Usiiweke pembeni afu ukanyoosha picha kwa ile setingi ya kurekebisha umbo, inakula ubora wa picha, iweke katikati ya skrini kwa upana na uinamishe kidogo tu. Na sikiliza feni yake, mtu anayekaa chini ya projekta yenye kelele hasikii mazungumzo ya taratibu.

Kibao_Kata:

Kwa nini msitumie TV kubwa tu? Siku hizi kuna za inchi 85, haihitaji giza wala pazia.

Fundi_Mwanga:

Inchi 85 upana wake haufiki hata mita 2. Watu 15 sawa kabisa. Wakiwa 60, wale wa nyuma hawasomi maandishi. Kama kikundi ni kidogo TV ni chaguo zuri, ila nenda kwenye setingi ukazime ile inayolainisha mwendo wa picha, filamu nyingi zimepigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde na TV ikijiongezea fremu zake kila filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana.

Sikio_Moja:

Wote mmeongelea picha na mimi nasema hivi, mtazamaji anavumilia picha ya wastani ila sauti mbovu anaondoka na harudi mwezi ujao. Kama mna hela ya kununua kitu kimoja tu nunueni spika nzuri mbili zenye ampu ndani na stendi zake, projekta endeleeni kuazima.

Spika zikae mbele, moja kila upande wa skrini, ziinuliwe juu ya vichwa vya waliokaa, zielekezwe theluthi ya mwisho ya ukumbi. Usiweke spika nyuma kwa kuwasaidia wa nyuma, sauti inatembea mita 343 kwa sekunde, kwaiyo aliyekaa karibu na spika za nyuma, sauti ya mbele inamfikia kwa kuchelewa na maneno yanavurugika. Usitumie Bluetooth, inachelewesha sauti na midomo inapishana na maneno, vuta waya. Waya zote ziwe zimebandikwa chini kwa mkanda wa kitambaa na zipite ukutani, gizani mtu anajikwaa.

Kuna kosa moja naliona kila mahali na halisemwi. Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, inaitwa 5.1, yaani imegawanywa kwa spika sita, na mazungumzo karibu yote yako kwenye njia ya katikati. Nyie mna spika mbili. Kama kifaa mnachochezea hakijawekwa kwenye stirio (sauti ya spika mbili) ile njia ya katikati haiendi popote, mnapata muziki mkubwa, milipuko, mlango unafungwa, na watu wanaongea kama wako chumba cha pili. Watu wanalaumu spika. Ingia kwenye setingi ya sauti ya kifaa, chagua stirio au 2.0, utasikia tofauti papo hapo.

Ukumbi wa sakafu ngumu na kuta tupu una mwangwi. Piga makofi mara moja ukiwa katikati, ukisikia sauti inabaki ikiruka, tandika mazulia na tundika mapazia mazito ukuta wa nyuma, na yale mapazia ya giza aliyosema Fundi_Mwanga yanakusaidia na huku pia. Miili ya watu inanyonya sauti, kwaiyo ukijaribu ukumbi ukiwa mtupu na ukaona imetosha, watu wakijaa utahitaji kuongeza. Mtu mmoja akae nyuma kabisa dakika kumi za kwanza kazi yake ni kusikiliza tu, akiona shida ampe ishara aliyeko kwenye mashine. Na kukiwa na mngurumo wa umeme kwenye spika, laptopu na spika zichomekeni kwenye soketi moja kabla hamjaanza kubadilisha waya.

Kebo ya HDMI ndefu kupita mita 10 inaanza kuleta shida, picha inakatika katika, weka laptopu karibu na projekta, waya mrefu uwe wa sauti. Laptopu iwe kwenye chaji, zima notifikesheni, zima isilale, filamu iwe faili lililomo ndani msitegemee intaneti. Na angalieni filamu YOTE kwa vifaa hivyohivyo kwenye ukumbi huohuo siku moja kabla, sio dakika tano za mwanzo, kuna diski inagoma saa moja ndani.

Mama_Ukumbi:

Wanangu mmesema vizuri sana kwenye vyombo, niongezee kwenye watu.

Sinema hata ilipoanza ilianza hivihivi. Wale ndugu wawili Wafaransa, Lumière, maonyesho yao ya kwanza ya kulipia tarehe 28 Desemba 1895 kule Paris yalikuwa kwenye chumba cha chini ya mkahawa, walioingia walikuwa 33, filamu zenyewe kila moja haifiki dakika. Na vikundi vya wanachama vina historia ndefu, London walianzisha chama cha filamu 1925, New York Amos na Marcia Vogel walikuwa na Cinema 16 kuanzia 1947 mpaka 1963, watu wanalipia uanachama wa msimu wanaonyeshwa filamu ambazo hakuna jumba la biashara lingezigusa. Ule mfumo wa uanachama ndio uliowabeba, kwa sababu hela inajulikana mapema na mtu akishalipia msimu anakuja hata filamu asiyoijua. Mimi ningewashauri huo, kiingilio cha mlangoni kiwepo kwa wageni ila uti wa mgongo uwe wanachama.

Siku iwe moja isiyobadilika. Ijumaa ya mwisho wa mwezi basi iwe hiyo, mvua inyeshe jua liwake, hata wakija watu wachache msiahirishe. Watu wanajifunza siku polepole, mkihamisha hamisha mnawapoteza.

Kuhusu filamu ya kwanza, msichague ile mnayotaka muonekane wajuzi. Chagueni filamu ambayo mtoto wa miaka kumi na bibi yake wote wataielewa, isizidi saa moja na nusu, viti vyenu ni vya plastiki na mgongo una kikomo. Vichekesho vya filamu za kimya ni vizuri kuanzia, lugha haimzuii mtu na ukumbi ukianza kucheka kila mtu anajisikia yuko nyumbani. Filamu ngumu zipo, zina wakati wake, wekeni ya tatu au ya nne. Ila ziwekeni, maana mkionyesha nyepesi tu kila mwezi mnawadharau watazamaji wenu. Kila filamu iwe na mtu mmoja kwenye kikundi anayeipenda kweli kweli, huyo ndiye asimame mbele dakika mbili aseme kwa nini ameileta.

Wekeni maandishi ya chini kila mara yakipatikana, hata filamu ikiwa ya lugha yenu. Kuna watu hawasikii vizuri na hawasemi, wanaona aibu, wanaacha kuja kimya kimya.

Mlangoni asimame mtu anayejua kusalimia. Huyu ni muhimu kuliko fundi wa projekta, wanisamehe mafundi. Mtu aliyekuja peke yake anaamua pale mlangoni kama atarudi.

Na milango isifungwe kwa funguo watu wakiwa ndani hata kama ni kuzuia wanaoingia bila tiketi. Uingereza walitunga sheria ya majumba ya sinema 1909 kwa sababu mikanda ya filamu ya zamani, iliyotengenezwa kwa kemikali ya naitreti, ilikuwa inashika moto haraka sana. Mikanda hiyo hamtumii, ila gizani watu 60 wakishtuka ni walewale. Kabla ya filamu mwambie kila mtu mlango uko wapi.

Pazia_Jeupe:

Nimesoma yote mara mbili, sijui niwashukuruje. Tumekaa jana usiku tumekubaliana tunaanza na filamu fupi kadhaa za leseni huria kama jaribio, tunaalika majirani tu, wakati huo tunamuandikia mtengenezaji mmoja ambaye kazi yake tunaipenda wote. Mapazia dada mmoja amejitolea kushona. Projekta ya kuazima, spika tunachanga. Swali la mwisho, yale mazungumzo baada ya filamu mnayaendeshaje? Tunaogopa kimya, au mtu mmoja akishika maiki haachii.

Mama_Ukumbi:

Usiwashe taa zote kwa mpigo na usisimame mara tu filamu inapoisha, acha majina yaishe yote, watu wanahitaji hizo dakika kurudi. Afu washa nusu ya taa, waambie wanaotaka kwenda waende kwa amani, waliobaki wageuze viti wakae duara. Usiulize "mmeionaje", swali hilo linaua, kila mtu atasema nzuri. Uliza kitu kimoja mahususi, mfano "pale alipofunga mlango bila kuaga, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Waambie wageuke waongee na jirani dakika mbili kwanza, ndipo uulize kwa sauti, mtu akishasema kitu kwa mmoja haogopi kukisema kwa wote. Maiki usimpe mtu mkononi, ishike wewe umsogezee. Na nusu saa ikifika funga hata kama yamekolea, wataendelea wenyewe nje wakati nyie mnakunja waya.

Sikio_Moja:

Na wakati wa kukunja, projekta usiichomoe kwenye umeme mpaka feni yake isimame yenyewe. Nyingi za kuazima zinafia hapo.